Karatasi Itakayotunza Sura za Waanzilishi Wetu

Hotuba ya Katibu wa Chama, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu katika sherehe ya kutimiza miaka kumi



Katika siku kama ya leo ni desturi Katibu kusimama na kusoma hesabu: kilo za korosho zilizopokewa ghalani, malipo ya wakulima, na deni lililobaki. Hesabu hizo zimo katika kurasa nyingine za kitabu hiki, nazo zimekwisha kukaguliwa. Sisi wa ofisini tumeomba ruhusa ya Bwana Mwenyekiti tuseme juu ya jambo jingine, ambalo huenda baadhi yenu mkaliona dogo, nalo ni karatasi ya picha. Twaomba mtuvumilie, kwa maana mwishoni tutawaombeni mtoe idhini ya matumizi.

Wote mwaijua picha iliyotundikwa ofisini nyuma ya meza ya Mhazini. Ilipigwa siku ya mkutano wetu wa kwanza, chini ya mwembe wa shule, na mwalimu mstaafu ambaye ni mwanachama wetu hata leo. Mwalimu alitumia filamu nyeusi na nyeupe, akaiosha mwenyewe, lakini kwa kuwa hakuwa na mashine ya kukuzia picha, filamu ilipelekwa kusafishwa mjini. Ikarudi picha kubwa, yenye watu 38, waume kwa wake. Tukaitia katika fremu ya kioo, tukaitundika kwa fahari.

Mwaka jana alifika ofisini bibi mmoja, mjane wa mmoja wa waanzilishi, akiwa amemshika mkono mjukuu wake. Alitaka mtoto amwone babu yake ambaye hakumkuta. Tuliwaonyesha picha. Bibi akaitazama kwa muda mrefu, akakigusa kioo kwa kidole, kisha akatugeukia akauliza, "Wanangu, mbona hayumo?" Naye alikuwamo, mstari wa nyuma, upande wa kushoto. Lakini upande ule wote ulikuwa umegeuka manjano. Kanzu yake na ukuta wa shule vimekuwa kitu kimoja, na usoni pake palikuwa na madoa ya rangi ya chungwa. Hatukuwa na jibu la kumpa bibi yule. Tulimkaribisha chai, akanywa, akaenda zake.

Tangu siku ile tumesoma na kuuliza kwa wanaojua, nasi tumeona kwamba kosa halikuwa moja, na kwamba sehemu yake ni letu sisi wenyewe. Hayo ndiyo tunayotaka kuwaeleza.

Kwanza yatupasa kujua picha ya namna hii imefanywa kwa kitu gani. Imefanywa kwa fedha. Hatusemi fedha ya noti. Twasema fedha ya vikuku na pete za mama zetu. Juu ya karatasi hupakwa jelatini, ambayo ni ute upatikanao kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya wanyama, na ndani ya jelatini hiyo zimo chumvi za fedha zenye kuhisi nuru. Nuru ikizigusa, kisha karatasi ikatiwa katika dawa ya kutokezea, chumvi hizo hugeuka kuwa chembe za fedha halisi, ndogo mno, nazo kwa udogo wao huonekana nyeusi. Weusi wote mnaouona katika picha ile ni fedha.

Kila mama aliye hapa anaijua tabia ya fedha. Kikuku kikiwekwa sandukuni miaka miwili hutoka kimeingia weusi, na kinachokitia weusi huo ni salfa iliyomo hewani. Kikuku kina unene. Ukikisugua hung'aa tena. Chembe ya fedha iliyomo katika picha haina unene wa kusuguliwa. Salfa ikiifikia huibadili yote, na mahali palipokuwa peusi huwa manjano au kahawia iliyofifia. Sehemu nyepesi, kama sura na mikunjo ya kanzu, ndizo zitanguliazo kupotea, kwa sababu fedha yake ni chache.

Ndugu wakulima, sisi ni watu wa salfa. Mikorosho ichanuapo twaipulizia ili kuzuia ubwiriunga, na bila salfa hatuvuni. Na je, mifuko ya salfa ya Chama tulikuwa tukiiweka wapi? Tulikuwa tukiiweka katika chumba cha nyuma ya ukuta ule ule uliotundikwa picha, na mlango wa chumba hicho ukishinda wazi. Hilo ndilo kosa letu, nasi twalikiri mbele yenu.

Kosa la pili lilifanyika tangu picha inasafishwa. Picha ikiisha kutokea hutiwa katika dawa ya kukazia, iitwayo fiksa, ambayo kazi yake ni kuyeyusha chumvi zote za fedha zisizoguswa na nuru. Sifa hiyo ya kuyeyusha iligunduliwa na mtaalamu wa Uingereza, John Herschel, mwaka 1819, naye akaileta katika upigaji picha mwaka 1839. Lakini dawa hiyo yenyewe ina salfa ndani yake. Isipooshwa ikatoka, hubaki karatasini na kuila picha polepole toka ndani.

Jambo hili si geni. William Henry Fox Talbot, aliyevumbua njia ya kutoa nakala nyingi za picha kwa filamu moja, japo wakati wake filamu hiyo ilikuwa karatasi, alichapisha kitabu chenye picha halisi kati ya mwaka 1844 na 1846; na nyingi za picha hizo zilififia. Mwaka 1855 chama cha wapiga picha cha London kiliunda kamati ya kuchunguza kwa nini picha hufifia, na Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, alitoa pauni 50 kuisaidia. Kamati ilijibu kwamba sababu kubwa ni dawa ya kukazia isiyoondolewa kwa maji, pamoja na salfa ya hewani na unyevu. Basi jambo lililojulikana mwaka 1855 sisi tulikuja kulijua mwaka jana, kwa machozi ya bibi.

Sasa twaja kwenye karatasi yenyewe. Leo karatasi za picha za fedha ni za namna mbili kubwa.

Namna ya kwanza twaweza kuiita karatasi ya nyuzi. Hii ni karatasi halisi, nzito, iliyopakwa barita, yaani unga mweupe wa madini ya bariamu uliochanganywa na jelatini, na juu ya barita ndipo huja tabaka lenye fedha. Picha zilizofanywa kwa karatasi za namna hii tangu mwisho wa karne ya 19 zingaliko, na zile zilizooshwa vema na kutunzwa vema zingali safi.

Namna ya pili ni karatasi iliyovikwa plastiki pande zote mbili. Ilienea katika miaka ya 1970, nayo ina manufaa yake: dawa haiingii ndani ya karatasi, kwa hiyo huoshwa kwa dakika chache tu na kukauka upesi bila kujikunja. Lakini ndani ya plastiki ya upande wa picha mna unga mweupe wa titani, na nuru ikiupiga miaka mingi hutoa hewa kali inayoishambulia plastiki na fedha pia. Karatasi za kwanza za namna hiyo zilipasuka nyuso. Baadaye viwanda vilitia dawa za kuzuia, na karatasi za siku hizi ni bora kuliko zile. Hata hivyo, picha ya plastiki ikitiwa nyuma ya kioo na kutundikwa penye nuru, ile hewa kali haina pa kutokea. Fedha huliwa, na hutokea kung'aa kama kioo kando kando, au madoa ya rangi ya chungwa. Tulipoitoa picha yetu katika fremu na kuigusa mgongo, tuliuona ni plastiki. Na dirisha la ofisi liko upande wa kushoto.

Kwa hiyo, kwa picha itakayokaa vizazi, chaguo letu ni karatasi ya nyuzi. Anayetaka kuitambua asiyazingatie maneno ya mwuzaji tu. Na aisome anwani ya boksi, kisha aishike. Kwa mfano, karatasi ya nyuzi ya Ilford, iitwayo Multigrade FB Classic, ina uzito wa gramu 255 kwa mita ya mraba, na ile ya plastiki ya kiwanda hicho hicho ina gramu 190. Ya nyuzi, mgongo wake ni karatasi tupu, waweza kuandikwa kwa penseli. Na ikilowa hulegea, ikikauka hujikunja.

Twaongeza kwamba wafanyaji wa karatasi hizi wamepungua. Kodak waliacha kutengeneza karatasi nyeusi na nyeupe mwaka 2005. Waliobaki ni wachache, kama Ilford, wenye kiwanda huko Mobberley, Uingereza, na Foma wa Hradec Králové, katika Jamhuri ya Cheki. Jambo likiwezekana leo halina ahadi ya kesho.

Lakini, ndugu wanachama, msidhani kwamba kununua karatasi njema ndiko kumaliza kazi. Mwajua wenyewe habari ya korosho: korosho nzuri ikiingizwa ghalani mbichi huoza, na ile ya wastani iliyokaushwa vema hukaa. Karatasi ya nyuzi hunywa dawa kama sifongo. Ikioshwa upesi upesi kama ya plastiki, itaharibika kuliko hata hiyo ya plastiki. Tukinunua iliyo ghali na kuiosha ovyo, tutakuwa tumetupa mali yenu.

Kwa ajili hiyo tumeandika utaratibu, na huu ndio ufupisho wake.

La kwanza, dawa ya kukazia iwe mpya, na picha ipitie mabakuli mawili, la pili likiwa safi kuliko la kwanza. Wala isikae humo kupita kiasi, maana kadiri ikaavyo ndivyo dawa izamavyo katika nyuzi. Ilford huelekeza dakika 1 katika dawa kali, kisha dakika 5 za maji, dakika 10 za dawa ya kusaidia kuosha, na dakika 5 za maji tena. Pasipo dawa hiyo ya kusaidia, huhitajiwa saa nzima ya maji yanayopita. Nasi tunaoteka maji kwa zamu wakati wa kiangazi twajua thamani ya saa nzima ya maji. Wazee wa pwani watafurahi kusikia kwamba maji ya bahari huiondoa dawa hii upesi kuliko maji ya kisima. Lakini lazima yafuatwe na maji matamu, maana chumvi nayo ikibaki karatasini ni adui.

La pili, picha ijaribiwe. Tone la maji yenye naitreti ya fedha na asidi ya siki hudondoshwa penye ukingo mweupe, na baada ya dakika 2 hutazamwa. Doa likiwa jeusi au kahawia nzito, picha haijatakata, irudi majini. Twalitaka jaribio hili kama vile mkulima atakavyo kuiona mizani kwa macho yake.

La tatu, fedha ikingwe. Picha iliyooshwa yaweza kupitishwa katika dawa ya seleni, au katika dawa ya salfa yenyewe igeuzayo picha kuwa kahawia. Msishangae kusikia salfa sasa imekuwa rafiki. Ni kama chanjo: fedha ikiisha kuunganishwa kwa utaratibu na seleni au salfa, ile ya hewani haina tena cha kuiba. Ila dawa hizi zina sumu, na afanyaye kazi hiyo na avae glavu, madirisha yakiwa wazi.

La nne, zikauke kwa kutandazwa juu ya nyavu safi, uso juu, kama tuanikavyo mazao juu ya chanja.

La tano, zihifadhiwe mahali pakavu na penye giza, unyevu wa hewa ukiwa kati ya asilimia 30 na 50. Pwani yetu hupita kiasi hicho, kwa hiyo tutatumia boksi linalofunga barabara, lenye vifuko vya kunyonya unyevu, navyo vitabadilishwa. Kila picha iwe katika bahasha ya karatasi isiyo na asidi; isiwe katika gazeti, wala katika mifuko laini ya plastiki inukayo, wala isigandishwe kwa gundi. Chumba kisiwe kimepakwa rangi karibuni, wala kisiwe na salfa. Na nyuma ya kila picha, kwa penseli laini, yaandikwe majina ya watu wote waliomo, mstari kwa mstari. Picha isiyo na majina ni kama shamba lisilo na mipaka. Kila mtu atasema ni lake, na mwisho si la mtu.

Vijana wetu wametuuliza, "Kwa nini taabu yote hii, na kila mtu ana simu?" Swali hilo si la kubezwa. Tumekwisha kuipiga filamu ya Mwalimu kwa mashine, na nakala zake zimo katika kompyuta mbili. Ziendelee kukaa humo. Tena twajua kwamba ziko picha za wino bora ziwezazo kudumu. Lakini simu huibwa, kompyuta huharibika, na nakala ya namna hiyo yahitaji mtu wa kuihamisha kila baada ya miaka michache. Akisahau mara moja, yamekwisha. Karatasi ya fedha ikiwa ndani ya boksi lake haitaki umeme wala neno la siri. Mjukuu atafungua na kuona.

Na kusahau kwaweza kutokea. Wazee walio hapa wanaukumbuka mwaka 1976, vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa katika nchi yetu, hata sheria ya mwaka 1982 ilipovirudisha. Hutusimulia kwamba katika kuhamahama kule madaftari ya hapa kwetu yalitumika kufungia karanga, na picha hakuna ajuaye zilikokwenda. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi twathubutu kuongeza kwamba hata watu wenyewe hupotea hivyo hivyo.

Mhazini wetu, kama ilivyo wajibu wake, alitupinga katika kikao cha Bodi. Alisema wanachama wanahitaji magunia na salfa kabla ya picha, na kwamba waliokufa hawapalilii. Tulimsikiliza, na kwa sababu ya maneno yake tumelipunguza ombi letu. Tulikuwa tumetaka picha 60. Sasa twaomba boksi moja tu, la karatasi 25 za nyuzi, za inchi 8 kwa 10. Tutachagua picha 10 katika filamu za Mwalimu, ya waanzilishi ikiwa ya kwanza, na kila moja itolewe nakala mbili: moja ya kuhifadhiwa, na moja ya kuonyeshwa. Hizo ni karatasi 20. Tano zilizobaki ni za majaribio. Nakala ya kuonyeshwa haitakaa ukutani mwaka mzima. Itatolewa siku za mikutano, kisha itarudi gizani. Tumempata fundi mwenye chumba cha giza aliyekubali kufanya kazi mbele ya wajumbe wawili wa Bodi, kama vile korosho zipimwavyo mbele ya mwenyewe. Mifuko ya salfa imekwisha kuhamishwa. Hilo halikuhitaji idhini ya mkutano, lilihitaji aibu.

Bwana Mwenyekiti, tumeambiwa kwamba rahisi huvunja upishi. Miaka kumi iliyopita tuliipokea picha ya rahisi bila kuuliza, kwa kuwa hatukujua la kuuliza. Leo twajua. Filamu ya siku ile ingali nzima ndani ya kopo la Mwalimu, na sura ya mzee yule wa mstari wa nyuma ingali imo, safi, hata vifungo vya kanzu vyahesabika. Haikupotea bado, inangoja karatasi.

Twaomba Mkutano huu uridhie. Na ikiwa mtaridhia, nakala ya kwanza itakayotoka majini, ikikauka na kupita jaribio, tutaipeleka wenyewe kwa bibi yule, aishike mkononi bila kioo, amwonyeshe mjukuu wake kwa kidole.

Hayo ndiyo tuliyokuwa nayo.